Kuonja na kulinganisha ramu za Karibiani zilizozeeka kwenye pipa, bila kujidanganya

Wakuu, nianze na fenesi. Mara ya kwanza kunusa ramu (pombe kali ya miwa) ya Jamaica ya ukweli nilikuwa jikoni kwa jamaa mmoja Mjerumani hapa Hamburg, mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio, akanimiminia kidogo kutoka kwenye kichupa kilichobandikwa plasta imeandikwa kwa kalamu "Hampden", jina la kiwanda, nikainua glasi na kabla haijafika puani nikajikuta niko soko la Mabibo saa nane mchana pembeni ya fenesi lililopasuliwa jana yake. Nikamwambia. Akanitazama tu, fenesi hajawahi kuliona. Yeye kwenye daftari lake alikuwa ameandika nanasi na vanishi.

Wote tulikuwa sahihi, ila tangu siku ile niliacha kunakili maneno ya watu, maana ukisoma watu wanavyoelezea ramu utakutana na matunda ya porini ya Ulaya ambayo sijawahi kuyala na sina mpango wa kujifanya nimeyala. Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kukaa mezani na ramu tatu nne za pipa, hasa zile za wajazaji wa kujitegemea, azitofautishe, na mwisho ajue anapenda ipi na kwa nini, kwa pua yake mwenyewe. Kama hunywi unaweza kunusa tu, na utaona huko mbele kwamba wanaonusa tu wakati mwingine wanatushinda.

Kwanza, hawa wajazaji wa kujitegemea ni akina nani

Hawapiki ramu. Wananunua pipa (au mapipa machache) kutoka kwa aliyepika au kwa dalali, wanaliacha likae au wanalijaza kwenye chupa hapohapo, wanabandika lebo yao. Wengi walianzia kwenye wiski. Cadenhead's wa Scotland wapo tangu 1842, Samaroli wa Italia alianza 1968, Velier wa Genoa ndiyo ya yule mzee Luca Gargano ambaye wapenzi wa ramu wanamtaja kama watu wa mpira wanavyomtaja kocha, Compagnie des Indes ya Ufaransa ni watoto wa juzi tu, 2014.

Madalali nao wana sehemu kubwa kwenye hii stori. Kuna E&A Scheer ya Amsterdam na ndugu yake Main Rum ya Liverpool, na mapipa mengi sana unayoyaona kwa wajazaji wa Ulaya yamepitia huko, ramu inasafirishwa na meli ikiwa bado changa halafu inazeekea kwenye ghala la baridi Uingereza. Ndo maana unaweza kukuta wajazaji watano tofauti wana ramu ya kiwanda kimoja, mwaka mmoja, na zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Ukinunua zote tano ukidhani unapanua elimu yako, pole.

Utamu wao uko hapa: kiwanda chenyewe kinachanganya mapipa mengi ili chupa ya leo ifanane na ya mwaka jana, mjazaji huru anakupa pipa moja lilivyo, mara nyingi bila kulizimua. Likiwa zuri ni zuri, likiwa la ajabu hakuna pa kujificha.

Hatua ya 1: soma lebo kabla hujafungua

Soma kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Unatafuta nchi, kiwanda, aina ya mtambo wa kuipikia, mwaka wa kupikwa, mwaka wa kujazwa, ilikozeekea, asilimia ya kilevi, na idadi ya chupa. Lebo ikikupa yote hayo, huyo mjazaji anakuheshimu. Ikikupa picha ya maharamia na namba kubwa isiyo na neno "miaka" mbele yake, rudisha kwenye shelfu. Namba peke yake si umri.

Halafu kuna herufi, na hizi ndizo zinazotia watu hofu bure. Kwenye ramu za Hampden, kiwanda cha Trelawny kaskazini mwa Jamaica, utaona OWH, LROK, HLCF, DOK. Hizo ni alama za zamani za mapipa, na leo zinakuambia ramu ilipikwa iwe na esta kiasi gani. Esta ndo zile kemikali zinazoleta harufu ya matunda yaliyoiva kupitiliza. OWH ni gramu 40 mpaka 80 kwa kila lita 100 za alkoholi tupu, LROK 200 mpaka 400, HLCF 500 mpaka 600, na DOK inagonga 1500 mpaka 1600, ambayo ndo dari ya Jamaica. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimekunywa Hampden" bado hajakwambia kitu, ni kama kusema umekula pilipili.

Hiyo DOK kiukweli haikutengenezwa ili mtu aketi ainywe. Ilikuwa ya kukolezea, kwenye keki, peremende, na hasa huku Ujerumani, maana karne ya 19 ushuru wa forodha ulipopanda wafanyabiashara wa hapa, Flensburg na kwingineko, walitaka ramu kali ya harufu ambayo tone dogo linatosha kuunukisha mtungi mzima wa spiriti ya kawaida. Mpaka leo dukani kuna kitu kinaitwa Rum-Verschnitt, na sheria inadai asilimia 5 tu ya kilevi chake ndo itoke kwenye ramu halisi. Huku kwetu tungesema imechakachuliwa, wao wameiwekea jina rasmi.

Kwa Guyana (si kisiwa, lakini kwenye ulimwengu wa ramu wanahesabiwa familia moja na Karibiani) angalia jina la mtambo. Viwanda vya zamani vilifungwa kimoja baada ya kingine na mitambo ikahamahama mpaka yote ikaishia Diamond, kwa kampuni ya DDL. Ukiona Port Mourant au PM, hiyo imetoka kwenye mtambo wa vyungu viwili vya mbao. Mbao kweli, si mfano. Versailles ni chungu kimoja cha mbao, Enmore ni mnara wa mbao. Kila mmoja una tabia yake.

Hatua ya 2: miaka 12 ya wapi?

Hapa ndo watu wanapigwa bei. Pipa likikaa Karibiani kwenye joto linapoteza kama asilimia 6 kwa mwaka, wakati mwingine zaidi, inapaa tu hewani, wanasema ni mgao wa malaika. Likikaa Scotland au Liverpool linapoteza kama asilimia 2. Sasa chukua pipa la lita 200 ulipigie hesabu miaka 12. La Jamaica linabaki na lita 95 hivi, la Liverpool linabaki na lita 157. Kwenye chupa za sentilita 70 hiyo ni chupa 136 dhidi ya 224.

Ujanja wangu mdogo: lebo ikiwa kimya kuhusu ilikozeekea lakini inasema pipa moja la kawaida limetoa chupa mia mbili na kitu baada ya miaka mingi, hiyo karibu hakika ililala Ulaya. Si dhambi. Ramu ya Ulaya inakuwa nyembamba, inakuonyesha kilichopikwa, mbao haziongei sana. Ya kitropiki inakuwa nzito, ya mbao, karameli, wakati mwingine mbao zimekula kila kitu na unabaki unatafuna mlango. Ila usilinganishe miaka kwa miaka kana kwamba ni kitu kimoja. Miaka 10 ya Barbados na miaka 10 ya Liverpool ni kama mtoto aliyelelewa uswahilini na aliyelelewa bweni.

Na rangi isikupumbaze. Kuna PM za miaka zaidi ya ishirini zilizozeekea Ulaya zina rangi ya majani makavu tu, na kuna ramu changa nyeusi kama kahawa kwa sababu ya karameli iliyotiwa.

Hatua ya 3: panga glasi, badilisha kitu kimoja tu

Kosa nililofanya mwaka mzima wa kwanza: nilikuwa nafungua nilichonacho. Barbados ya asilimia 46 pembeni ya Jamaica ya 63 pembeni ya Panama tamu, halafu najaribu kuandika tofauti. Tofauti ya nini na nini sasa? Kila kitu kimebadilika kwa wakati mmoja.

Chagua swali moja. Ukitaka kujua esta zinafanya nini, tafuta Hampden tatu za alama tofauti, umri unaokaribiana, zote zimezeekea upande mmoja. Ukitaka kujua joto linafanya nini, tafuta kiwanda kimoja na alama moja, moja ya kitropiki na nyingine ya Ulaya. Ukitaka kuzunguka visiwa tu, hilo nalo ni swali zuri kwa anayeanza, weka Barbados ya kiwanda cha Foursquare, Guyana ya PM, Jamaica ya Worthy Park au Hampden, na kama una rafiki mkarimu, Caroni ya Trinidad. Caroni ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Gargano akayakuta mapipa yamelala pale 2004 akaanza kuyajaza, na kwa kuwa hakuna mengine yanayopikwa bei imeenda mbinguni. Usiuze pikipiki. Onja ya mtu.

Glasi nne, zisizidi. Tano ulimi umeshakufa, unaandika mashairi.

Mpangilio ni kutoka nyepesi kwenda nzito: Barbados, Guyana, halafu Jamaica ya esta ndogo, ya esta kubwa mwisho. DOK ikitangulia hakuna kitakachosikika nyuma yake, hata maji. Na yoyote yenye sukari iliyoongezwa usiichanganye kwenye safu hii kabisa, ukiinywa katikati zile kavu zote baada yake zitaonekana chungu wakati hazina kosa.

Pesa: usinunue chupa nzima. Watu saba mkichanga chupa moja kila mmoja anaondoka na sentilita 10, inatosha kuonja mara tano. Vichupa vya duka la dawa vya kioo vinafaa, jaza mpaka karibu na mdomo, andika tarehe, na usivikalishe miaka maana kizibo kidogo kinavujisha harufu kimyakimya.

Hatua ya 4: vyombo na chumba

Glasi yenye tumbo na mdomo uliobana, hizi za wiski aina ya Glencairn au za mvinyo mtamu zinafaa. Glasi pana ya barafu inatupa harufu yote dirishani. Osha kwa maji ya moto, suuza sana, kausha kwa hewa, usifute na kitambaa cha jikoni. Niliwahi kuandika nusu ukurasa kuhusu "harufu ya bahari, chumvichumvi, ajabu sana" kwenye ramu ya St Lucia, kumbe kitambaa kilikuwa kimefutia sahani za samaki.

Mimina sentilita 2 kila glasi, funika na kisahani cha kikombe cha chai, ziache dakika 20 mpaka 30. Ramu iliyokaa miongo miwili kwenye pipa haiwezi kujieleza sekunde ya kwanza. Weka pembeni maji ya kawaida ya kunywa, mkate mweupe mkavu, kijiko cha chai, daftari. Chumba kisiwe na udi wala marashi, na chakula cha nazi kisubiri. Mimi huwa naonja saa tano asubuhi Jumamosi, pua ikiwa safi na tumbo likiwa na kitu lakini si limejaa.

Na hesabu ujue mapema. Glasi nne za sentilita 2 kwa asilimia 60 ni mililita 48 za alkoholi tupu, karibu sawa na bia mbili za nusu lita, na umekunywa ukiwa umekaa unaandika, huhisi. Funguo za gari weka mbali. Kutema siyo aibu, wanaofanya hii kama kazi wanatema.

Hatua ya 5: jifiche lebo

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na ndo yenye uchungu. Mtafute mtu akumiminie, abandike namba chini ya glasi, wewe uko chumba kingine. Kwangu ni shemeji. Yeye hanywi kwa sababu ya vidonge vya presha, kwa hiyo ndo mgawaji wa haki.

Siku moja nikamwambia, shem, mimina tatu, ila moja iwe mara mbili, ziwe glasi nne, usiniambie zipi zimefanana. Ni mtihani mzuri kuliko wote, jaribu utanikumbuka. Nikakaa saa nzima. Nikaandika. Nikasema ya pili na ya nne ndo zimefanana, zote mbili zina "mbao kavu, mkwaju, tumbaku". Shemeji akachukua zile glasi akazinusa tu moja moja, hata hajakaa, akasema, "Hapana shem, ya kwanza na ya nne. Hii ya pili ina mafuta ya taa." Akageuza namba. Alikuwa sahihi. Ya pili ilikuwa Caroni, ambayo nilikuwa nimeilipia kichupa chake bei ya kiroba kizima cha mchele na nilijiapiza ningeitambua hata usingizini.

Hatua ya 6: pua

Usizamishe pua. Kwa asilimia 60 utachoma kila kitu na itakuchukua dakika kumi kurudi. Anza glasi ikiwa usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, pumua kawaida. Panda taratibu. Pua moja, halafu nyingine, hazisikii sawa. Nusa zote nne kwanza kabla hujaonja hata moja, andika neno la kwanza linalokuja hata kama ni la kipuuzi, maana neno la kwanza ndo huwa la kweli na la tatu huwa unatafuta sifa.

Sasa maneno. Hii ni orodha yangu, ichukue uiongezee ya kwenu.

Ndizi mbivu za kuvundikwa, zile zimeanza madoa meusi: hiyo ni esta moja inayojulikana kabisa na ipo nyingi kwenye Jamaica. Nanasi lililoanza kuchacha ni nyingine. Gundi na dawa ya kufutia rangi ya kucha ni nyingine tena, na ikiwa nyingi mtu anadhani ramu imeharibika, subiri dakika kumi, mara nyingi inaondoka na matunda yanabaki. Fenesi mimi nalisikia pale hizi zote tatu zinapokutana, hasa kwenye HLCF. DOK inavuka hapo, inaenda kwenye zeituni za chupa, achari ya ndimu iliyokaa juani, rangi ya mafuta mlangoni kwa fundi. Siri yake ni uchachushaji: Hampden wanaacha molasesi (ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa) na maji zichachuke kwa vijidudu vya hewani tu, siku nyingi, na kwenye zile ramu za esta kubwa wanaongeza masalia ya mtamboni baada ya kupika na matope machachu ambayo ukiyaona ungekimbia.

Port Mourant kwangu ni ofisi ya mwalimu mkuu: penseli iliyochongwa, mbao za kabati la zamani, halafu kitu kama pipi nyeusi ya dawa ya kikohozi. Caroni ni barabara inayowekwa lami mchana, mpira wa tairi, mafuta ya taa, na nyuma yake, ukisubiri, embe lililokaushwa. Foursquare ni mpole zaidi, nazi iliyokaangwa, vanila, sukari guru inayoyeyuka. Hiyo nazi na vanila inatoka kwenye pipa, mwaloni mweupe wa Marekani uliokuwa na bourbon, wiski ya hukohuko, kabla, kwa hiyo ukiisikia usikimbilie kusema Barbados, sema pipa.

Na ukikutana na ya Martinique, hiyo ni mchezo mwingine. Wao hawatumii molasesi, wanakamua muwa mbichi, na tangu 1996 wana sheria yao inayolinda jina. Kama umewahi kusimama pembeni ya mashine ya juisi ya miwa Forodhani, wakati makapi yanatoka upande wa pili yakiwa bado na unyevu, hiyo harufu ya kijani unaijua tayari. Hata baada ya miaka kumi ya pipa bado unaisikia kwa chini.

Hatua ya 7: mdomo

Fundo la kwanza ni dogo sana na halihesabiki, kazi yake ni kuuambia ulimi kuna moto unakuja. Usiandike chochote. La pili, dogo pia, lizungushe, hesabu mpaka kumi, meza au tema, funga mdomo na utoe pumzi kwa puani. Hapo kwenye pumzi ndo ladha iliko.

Jiulize vitu vitatu tu. Inafanana na harufu yake au imekudanganya? Ni nzito kama tui au nyepesi kama maji ya madafu? Na inaondoka baada ya muda gani? Mi naangalia saa kabisa. Kuna ramu zinanukia vizuri sana halafu zinakufa sekunde ya kumi, na kuna PM moja nilikuwa bado naisikia nikiwa nimeshafika kituo cha treni.

Mkate, maji, pumzika dakika kadhaa, glasi inayofuata.

Hatua ya 8: maji

Kuna wanaoona kuongeza maji ni udhaifu. Waache. Kama una moja ya asilimia 46 na nyingine ya 63, unalinganisha ukali, hulinganishi ramu. Ukiongeza kijiko cha chai kimoja, mililita 5, kwenye sentilita 2 za asilimia 63 unashuka mpaka kama 50. Kijiko kimoja na nusu kinakufikisha karibu na 46. Lakini usimimine chote kwa mkupuo. Matone machache, funika, subiri dakika tano, nusa. Matone mengine. Kuna hatua ramu inafunguka kama dirisha, na kuna hatua inakufa ghafla ikawa maji ya mbao, na kila pipa lina hatua yake. Za esta kubwa zinavumilia maji vizuri mno, za mbao nyingi zinageuka chungu haraka. Ikigeuka ukungukungu usishtuke, ni mafuta yake ambayo hayakuchujwa.

Hatua ya 9: kamata sukari

Ramu halali ya Jamaica haiongezwi sukari, na Foursquare ya Barbados inajulikana kwa msimamo huo huo. Kwingine inategemea, Umoja wa Ulaya wenyewe unaruhusu mpaka gramu 20 kwa lita na bado ikaitwa ramu. Wajazaji wengi wa pipa moja hawagusi, lakini wengi si wote.

Njia ya mkono mtupu: paka tone kwenye kiganja, sugua, subiri ikauke. Ikinata, kuna kitu. Njia ya uhakika ni kipimo cha kioo kinachoelea cha kupimia kilevi, si ghali, ramu iwe na joto la nyuzi 20 kamili. Sukari inaifanya ramu kuwa nzito hivyo kipimo kinasoma chini ya ukweli. Lebo inasema 40, kipimo kinasema 36, hapo kuna kama gramu 16 kwa lita, piga tu gramu 4 kwa kila asilimia iliyopotea. Kwenye ramu ya pipa tofauti ya nusu asilimia ni kawaida, pipa lenyewe linaacha vitu.

Hatua ya 10: rudi nyuma, halafu panga

Ukimaliza ya nne usifunge daftari. Rudi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Hapa ndo maoni yanapinduka. Ile Barbados uliyoiona ya kawaida mwanzoni, ukitoka Jamaica ukairudia, ama inakuwa tamu ajabu kama umefika nyumbani, ama inapotea kabisa. Vyote viwili ni habari, andika.

Sitoi alama za kati ya mia. Mtu anayesema hii ni 87 na ile ni 88 anajua kitu ambacho ulimi wangu haujui. Mimi napanga tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na sentensi moja kwa nini. Kisha wiki inayofuata narudia zile zile kwa mpangilio mwingine, bila kusoma nilichoandika. Zikija sawa mara mbili, ndo naamini. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, chupa ya miaka 9 ya Worthy Park iliifunga ya miaka 26 ya Guyana mara zote mbili, na nilichofanya ni kumuuzia sehemu yangu ya ile ya Guyana mwenzetu mmoja aliyekuwa anaililia. Yeye ana furaha, mimi nilinunua nusu ya nyingine ya Worthy Park.

Glasi tupu usizioshe usiku. Zinuse asubuhi. Kilevi kimeondoka, pipa limebaki, utasikia tumbaku, ngozi, molasesi, vitu ambavyo jana vilizibwa na ukali. Zenye sukari zitakuwa zinanata chini. Na vile visahani ulivyofunikia, hivyo vitenge kabisa na vyombo vingine. Cha kwangu kilichofunika DOK nilikiosha mara mbili kwa maji ya moto nikakirudisha kabatini, Jumatatu shemeji akaletewa chai juu yake, akanywa fundo moja, akaweka kikombe chini akaniangalia: "Shem, hii chai mbona ina nanasi?"